Tawi jipya, gari la kliniki, kliniki ya shule au saa zaidi: tuombe nini kituo cha afya kinapotaka kupanuka?

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, imeachwa juu ya meza nje ya kanisa katikati ya matangazo ya ubatizo na ratiba za mabasi. Kituo cha afya cha mtaa kinataka kupanuka, kinawauliza wakazi: tuongeze nini? Mzee mmoja, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, aliichukua akanikabidhi bila kuifungua.

"Mama, wewe si uko kwenye bodi yao? Waandikie watujengee hapa hapa."

"Hapa wapi, mzee?"

Akanyoosha kidevu kuelekea uwanja mtupu ng'ambo ya barabara, pale watoto wanapochezea mpira.

Niko kwenye bodi ya kituo cha namna hiyo, katika mji wa viwanda vya nyama katikati ya Marekani, muhula wangu wa pili sasa. Ombi la jengo ndilo ninalolisikia kuliko yote. Silidharau, maana jengo linaonekana, lina bango, na mtu anaweza kumwelekeza mgeni: pita taa za pili, kata kulia. Ila jengo ni njia moja kati ya nne ambazo vituo hivi hutumia kuwafikia wasio na bima, na kila njia ina watu inaowafaa na watu inaowaacha nje. Wachungaji, maimamu, viongozi wa jumuiya na wanabodi wapya huniuliza swali hilo mara kwa mara, kwa hiyo nimeona niziweke zote nne pamoja.

Kwanza neno moja kuhusu vituo vyenyewe, maana wengi wetu tunavipita barabarani tukidhani ni hospitali za watu wenye kadi za bima. Wazo lake limepitia Afrika. Mwaka 1957 Jack Geiger, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Afrika Kusini na kufanya kazi Pholela, kijijini Natal, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wameanzisha kituo cha afya mwaka 1940. Pale daktari hakumsubiri mgonjwa mezani tu, alikwenda kuangalia maji, choo na bustani ya mboga. Geiger alirudi na fikra hiyo, na mwaka 1965 yeye na Count Gibson wakafungua kituo Columbia Point, Boston, kisha kingine Mound Bayou, Mississippi, kwa fedha za serikali ya Rais Lyndon Johnson. Mound Bayou madaktari walikuwa wakiwaandikia watoto wenye utapiamlo chakula kama dawa, na bili inakwenda kwenye bajeti ya famasi. Wakubwa wa Washington walipolalamika, Geiger aliwajibu kwamba kwa vitabu alivyosoma yeye, tiba ya utapiamlo ni chakula.

Leo vituo hivyo ni takriban 1,400 nchi nzima, vyenye milango (yaani sehemu za kutolea huduma) zaidi ya 15,000, na huwahudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka. Karibu mmoja kati ya watano hana bima yoyote. Kituo hakiruhusiwi kumrudisha mtu kwa sababu hana pesa. Bodi yake lazima iwe na wagonjwa wa kituo chenyewe kwa asilimia 51 au zaidi (ndivyo mimi, mgonjwa wa presha, nilivyojikuta nikipitisha bajeti). Na angalau kila miaka 3 kituo kinatakiwa kupima upya mahitaji ya eneo lake. Ile karatasi ya nje ya kanisa ilitokana na kanuni hiyo, kwa hiyo ukiiona usiifungie vitumbua.

Vipimo vyetu

Kila njia nitaipima kwa mambo manne: nani hasa atafikiwa, atapata nini akishafika, fedha na muda, na lugha. Mawili ya mwisho yanahitaji maelezo kidogo kabla hatujaanza.

Kwa upande wa fedha, msidanganyike na neno "ruzuku". Ruzuku ya serikali kuu ni sehemu tu ya mapato ya kituo. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ambayo hulipa kwa kila ziara ya mgonjwa. Asiye na bima hulipa kidogo kwa punguzo linalotegemea kipato chake, na pengo linalobaki hufidiwa na ruzuku pamoja na vyanzo vingine. Maana yake, mlango mpya wenye wagonjwa wasio na bima peke yao hauwezi kujisimamia wenyewe. Na hali inabana zaidi: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicaid ya serikali kuu, kuanzia 1 Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya ukazi wa kudumu, ingawa katika baadhi ya majimbo watoto na wajawazito wanabaki. Kituo chenye wakimbizi wengi kinapaswa kupanga kana kwamba wagonjwa wasio na bima wataongezeka.

Kwa upande wa lugha, mkalimani ni haki. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, na mgonjwa halipi hata senti. Mtoto wa miaka kumi asigeuzwe mkalimani wa mama yake. Hata hivyo neno "Kiswahili" kwenye fomu linaficha mengi. Mama wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anazungumza Kibembe nyumbani, anaandikwa Kiswahili kwa sababu anakielewa. Mkalimani wa simu anaweza kuwa Mkenya, ambaye "homa" kwake ni mafua, wakati baba aliyezoea Kiswahili cha Kigoma anasema homa akimaanisha mwili unachemka. Nimekaa kwenye chumba ambamo daktari aliandika mafua na mtoto alikuwa na joto la nyuzi 39. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza pia: je, inaacha nafasi ya mtu wa lugha aliyepo pale pale, au ni simu tu?

Tawi jipya

Anayefikiwa ni mkazi wa mtaa ambao kweli hauna kituo karibu, au ambako basi ni la kubadilisha mara mbili. Tawi linafaa sana kwa familia: mama mjamzito, mtoto wa chanjo na bibi mwenye sukari wanaweza kuja siku moja.

Anachopata ni kila kitu, na hapo tawi halina mshindani. Kuna vyumba vya kutosha, vipimo vya damu, mara nyingi meno, mara nyingine famasi yenye dawa za bei nafuu chini ya mpango wa 340B, ambao tangu mwaka 1992 unawalazimu watengenezaji kuviuzia vituo hivi dawa kwa bei iliyoshushwa. Juu ya hayo, mgonjwa anakuwa na daktari wake anayemjua kwa jina. Kwa presha, sukari na magonjwa ya moyo hilo lina thamani kubwa.

Fedha na muda ndio mlima wenyewe. Kukarabati jengo hupanda haraka hadi mamilioni ya dola. Ruzuku ya serikali kuu ya kufungua mlango mpya haitoki kila mwaka, inategemea Bunge. Katika mzunguko wa 2019 kikomo chake kilikuwa dola 650,000 kwa mwaka kwa kila mwombaji, na anayeipata anatakiwa awe amefungua mlango ndani ya siku 120. Siku 120 hazijengi nyumba, kwa hiyo vituo huomba vikiwa tayari vimepata jengo la kupanga. Kama jumuiya yenu ina ukumbi usiotumika Jumatatu hadi Ijumaa, hapo ndipo sauti yenu ina uzito. Waonyesheni.

Kisha kuna watu. Daktari wa kuja kufanya kazi mji mdogo haokotwi. Mpango wa serikali wa kulipia madeni ya masomo kwa wanaojifunga kufanya kazi miaka 2 kwenye maeneo yenye upungufu husaidia, ila miaka 2 ikiisha wengine hufunga mizigo. Nimeona chumba cha meno chenye kiti kipya kikikaa na plastiki yake miezi mingi kwa kukosa daktari wa meno.

Lugha inapata nafasi nzuri: tawi lenye wagonjwa wengi wa lugha moja linaweza kuajiri mtu wa mapokezi anayezungumza Kiswahili, na huyo mmoja hubadilisha sura ya kituo kizima.

Tawi linawafaa wenye mtaa wa watu wengi waliokaa mahali pamoja na wanaoweza kusubiri. Haliwafai watu wanaohamahama kufuata kodi ya nyumba. Kabla hamjaomba jengo mtaa fulani, jiulizeni kama miaka 3 ijayo mtakuwa bado mnaishi pale.

Gari la kliniki

Jumamosi moja ya Oktoba gari lilikuja kwenye maegesho ya kanisa letu. Jenereta inanguruma, ngazi tatu za chuma, mama mmoja anapanda akiwa ameshika mkono wa nesi. Ndani, mkanda wa kupimia presha haukupita juu ya sweta mbili alizovaa kwa baridi. Ikabidi azivue moja moja kwenye nafasi ambayo huwezi kunyoosha viwiko, kilemba kikining'inia kwenye bawaba ya kabati. Presha ikasoma 190 kwa 110. Alikuwa Marekani mwaka wa tatu na hajawahi kupimwa. Hakuna mtu angemfikisha kituoni. Alipanda lile gari kwa sababu lilisimama hatua arobaini kutoka kwenye benchi lake la kwaya.

Hiyo ndiyo hoja nzima ya gari. Anayefikiwa ni yule ambaye hajawahi kufikiwa: asiye na makazi, kibarua wa mashamba, mtu anayeogopa majengo yenye bendera. Wafanyakazi wa mashamba ndio waliotangulia, kwani sheria ya afya ya vibarua wahamiaji ni ya mwaka 1962, kabla hata ya Columbia Point.

Anachopata ni kidogo: kupimwa, chanjo, dawa za kuanzia, rufaa. Gari huwa na chumba kimoja au viwili. Mama yule aliandikiwa vidonge akaambiwa aende kituoni baada ya wiki mbili, na gari lilikuwa linarudi baada ya wiki nne. Kituoni hakwenda. Tulimpata mwezi uliofuata, vidonge vimeisha, kwenye benchi lile lile la kwaya. Gari lisilo na mtu wa kumpigia simu mgonjwa Jumanne na kumtafutia lifti Jumatano linaanzisha tiba zisizomalizika.

Fedha na muda: gari lililotengenezwa kwa kazi hii hugharimu laki kadhaa za dola, kisha dereva, mafuta, bima, na matengenezo. Huku kwetu kwenye baridi kali mabomba ya maji ya gari huganda, na mwezi Januari unaweza kupita lisitoke. Upande mzuri ni kwamba linaanza mapema kuliko jengo, na kwa sheria iliyopitishwa Oktoba 2022, ruzuku za kufungua milango mipya zinaweza kutumika kwa magari hata pale ambapo kituo hakifungui jengo jipya la kudumu. Kabla ya hapo haikuwezekana.

Lugha inategemea mpangilio. Kwa kuwa gari linajua Jumamosi hii linakwenda wapi, linaweza kuja na mkalimani wa watu wale. Simu ndani ya gari lenye jenereta ni mateso, mnapigiana kelele habari za siri.

Linawafaa waliotawanyika, wenye hofu, na jumuiya yenye watu wa kujitolea kuwafuatilia wagonjwa. Mwenye ugonjwa wa kudumu gari liwe daraja lake tu, na ng'ambo ya daraja pawe na kituo.

Kliniki ndani ya shule

Anayefikiwa ni mtoto, na kupitia kwake mzazi anaokolewa kitu asichokuwa nacho, yaani muda. Viwandani kutokufika kazini huhesabiwa kwa pointi, na pointi zikifika idadi fulani umefukuzwa. Mama akilazimika kumtoa mtoto shule saa 4 asubuhi kumpeleka chanjo, amekula pointi. Kliniki ikiwa shuleni mtoto anatoka darasani dakika ishirini, anarudi.

Anachopata ni chanjo zinazodaiwa kuandikishwa shule, pumu, macho, meno ya kusafishwa, na ushauri wa kisaikolojia. Hilo la mwisho kwa watoto waliokulia kambini, au walioshuhudia waliyoyashuhudia Kivu, lina uzito ambao takwimu za chanjo haziwezi kuuonyesha. Mtoto huyo hatapelekwa na wazazi wake kwa "daktari wa wazimu" mjini, lakini ataingia chumba kilicho karibu na maktaba bila mtu kumtazama mara mbili.

Fedha na muda ni nafuu kuliko njia zote zinazohitaji chumba. Shule hutoa nafasi, na watoto wengi wana Medicaid au CHIP, bima ya serikali ya watoto, hata pale ambapo wazazi hawana kitu, kwa hiyo ziara zinalipwa. Kinachochelewesha ni makubaliano kati ya kituo na wilaya ya shule, na wilaya huogopa mambo ya siasa kuliko gharama.

Lugha ni udhaifu usiotarajiwa. Mtoto anazungumza Kiingereza, hivyo kliniki inajiona haina tatizo. Tatizo liko kwenye fomu ya idhini ya mzazi. Bila saini hakuna huduma, na fomu ya kurasa sita ikifika nyumbani kwa Kiingereza huishia chini ya sumaku kwenye jokofu. Tulipoitafsiri na kuisambaza siku ya kuandikisha watoto, mzazi akiwa amesimama pale pale na kalamu, saini zilipatikana.

Inawafaa wenye watoto wengi shule moja. Baba asiye na bima mwenye maumivu ya bega kutokana na kisu cha kiwandani haimsaidii hata kidogo, na miezi ya likizo ndefu nyingi hufunga au hupunguza siku.

Kurefusha saa

Hili ndilo nina maneno nalo zaidi, kwa sababu tulikosea mimi nikiwa mezani.

Tuliangalia ramani, tukaona kituo chetu kiko karibu na watu wetu wote, kwa hiyo shida si umbali. Tukapitisha kwa kura: Jumanne na Alhamisi kituo kifunguliwe hadi saa 2 usiku. Tukatangaza, tukapiga picha. Miezi mitatu daktari alikaa na viti vitupu. Siku moja nikamuuliza dada mmoja anayekata mapaja ya kuku kiwandani mbona haji jioni. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mbona haendi mwezini. "Dada, saa 9 alasiri mimi naingia kazini. Natoka saa 6 usiku." Watu wetu wengi wako zamu ya pili, kwa sababu zamu ya kwanza hushikwa na wenye miaka mingi kazini. Jioni ni wakati wa mapumziko wa watu wa ofisini, na bodi ilijaa watu wa ofisini. Tulihamisha saa zile zikawa Jumamosi asubuhi, na siku mbili za wiki kituo kikafunguliwa saa 1, ili anayefanya usafi wa usiku apite akitoka kazini kabla hajalala. Viti vikajaa.

Anayefikiwa, basi, ni mfanyakazi mzima asiye na bima au mwenye bima ya kiwandani ya makato makubwa, yule anayeishia chumba cha dharura cha hospitali. Huko sheria ya mwaka 1986 inawalazimu wamchunguze na kumtuliza hata kama hana pesa, lakini haiwakatazi kumtumia bili.

Anachopata kinategemea nani mwingine amebaki kazini. Mjumbe wa maabara anayechukua damu huondoka saa 11 jioni, famasi ikifungwa mgonjwa anatoka na karatasi tu, na basi la mwisho halimsubiri mtu. Kuuliza "mko wazi saa ngapi" hakutoshi, ulizeni saa hiyo kuna nini.

Fedha na muda: hakuna njia inayoanza haraka kama hii. Hakuna jengo wala gari, ni mishahara tu. Ila mishahara ya nesi, mapokezi, mlinzi na daktari ambao tayari wamechoka. Ukiwabana wafanyakazi walewale Jumamosi zote, mwaka hauishi utaanza kuwaaga mmoja mmoja.

Lugha huyumba, kwani mkalimani aliyeajiriwa kwa kawaida ana saa za ofisi, hivyo Jumamosi mnarudi kwenye simu. Andikeni hilo kwenye ombi lenu mapema, la sivyo litasahaulika.

Inawafaa wanaoishi karibu na kituo lakini hawakipati kikiwa wazi.

Jambo moja linahusu njia tatu za kwanza. Kila mlango, gari au chumba kipya lazima kiidhinishwe na HRSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia vituo hivi, kabla hakijaanza kazi. Bila idhini hiyo, kinga ya serikali kwa madaktari dhidi ya kesi za uzembe inakuwa na tundu, na malipo ya Medicaid yanaweza kukwama. Mkiambiwa "tusubiri kibali", wakati mwingine ni kweli.

Kwa hali yenu

Kama kituo cha karibu ni safari ya zaidi ya saa nzima kwa basi, na watu wenu wamekaa mtaa mmoja miaka, ombeni tawi, na nendeni na jengo mkononi. Wakati mnasubiri, ombeni gari mara mbili kwa mwezi, mahali palepale, siku ileile. Gari linalobadilisha siku hupoteza watu.

Kama mmetawanyika kwenye miji midogo au mashambani, gari, na mchague watu wawili wa kwenu wa kuwafuatilia wagonjwa kwa simu. Bila hao wawili, afadhali fedha ziende kwenye nauli za kuwapeleka watu kituoni. Mound Bayou walikuwa na mabasi yao kwa sababu hiyohiyo.

Kama shule moja ina watoto wenu wengi na walimu wanalalamika juu ya utoro au watoto wanaolala darasani, shule. Watu wazima watafutieni njia nyingine kwa wakati huohuo.

Kama wengi wenu mko kiwandani, msiombe "saa za jioni". Ombeni saa zinazolingana na zamu, na mwende na hesabu: wangapi zamu ya kwanza, wangapi ya pili, wangapi usafi wa usiku. Hesabu hiyo mnaweza kuipata baada ya ibada moja, kwa kunyoosha mikono.

Na kuna hali ya tano, ambayo karatasi ya kurasa nne haikuwa na kisanduku chake. Nilimuuliza yule mzee mara ya mwisho alikwenda kituoni lini. Miaka miwili iliyopita. Kiko mbali? Vituo vitatu vya basi. Saa? Anafanya usafi wa usiku, asubuhi ana nafasi. Lugha? Wana dada mmoja pale, Mrundi, anaongea vizuri. Sasa nini, mzee?

Akatoa pochi, ndani yake bili iliyokunjwa mara nne mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Alikuwa ametozwa bei kamili. Hakuna aliyemweleza kwamba punguzo huombwa, kwa kuonyesha kipato na idadi ya watu wa nyumbani. Nyumbani kwake wako sita. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu sita yenye kipato kisichozidi dola 43,150 kwa mwaka hulipa kiasi kidogo tu cha jina au hailipi kabisa, na hadi dola 86,300 bado kuna punguzo la sehemu. Punguzo hilo ni la huduma za kituo tu, halifuati mtu hadi hospitali. Kwa hospitali zisizo za faida kuna fomu nyingine, na nayo huombwa.

Ile karatasi tuliijaza wote wawili juu ya boneti ya gari langu. Kwenye swali la mnataka tuongeze nini, alisisitiza niandike jengo, nikaandika. Chini yake nikaongeza: fomu ya punguzo kwa Kiswahili, itolewe mapokezi kabla mtu hajaulizwa. Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi, akiwa bado na buti za kazini, tulisimama naye kwenye foleni, na hati mbili za mshahara ndani ya mfuko wa nailoni.